Ufa Uliokanwa: Tunamkumbuka Fundi Gaudiosus Mutalemwa

Wasikilizaji wapendwa, mlio kibanjani, mlio dukani, mlio jikoni mkimenya ndizi, karibuni tukae pamoja. Mimi ni Nikuze. Leo tunamkumbuka Gaudiosus Mutalemwa wa huku kwetu Ndama, fundi wa injini za ndege. Narudia, fundi wa injini za ndege. Najua wengi wenu mnamfahamu kwa jina jingine, lile la kejeli. Mlimwita Mwangusha Ndege. Nawaomba mliweke kando jina hilo, mnisikilize.

Gaudiosus alizaliwa Ndama, kwenye familia ya migomba na kahawa. Mama yake, Bibi Adelgunda, yu hai. Nilipompa shikamoo alinishika mkono, hakuuachia. "Mwanangu alikuwa na sikio," akasema. "Mashine ya kukoboa kahawa ikiunguruma kwa jirani, yeye anasema, mama, ile inaumwa. Haipiti wiki, imezima."

Akaenda kusoma Dar es Salaam. Kisha akapata kazi Mwanza, kwenye karakana ya kampuni ndogo ya ndege, ambayo leo haipo tena. Alikuwa fundi wa injini za tabaini. Ndani ya injini hizo kuna vijipanga vya chuma, vifupi kama kidole, vinavyozunguka kwa kasi katikati ya moto. Kimoja kikikatika angani, kinaweza kuitafuna injini nzima. Gaudiosus alivikagua kwa kamera nyembamba inayopenyezwa ndani kama mrija.

Mkewe, Mama Restuta, anasema mumewe alikuwa akirudi nyumbani ananuka mafuta ya ndege, hata akioga. "Mwanzoni nililalamika. Baadaye akisafiri, silali vizuri bila ile harufu."

Sasa, huko Mwanza alikuwa na rafiki. Anaitwa Adelard, mtu wa Nyakakika. Gaudiosus ndiye aliyemwombea kazi. Ndiye aliyemfundisha kuishika ile kamera. Adelard naye akamsimamia siku ya ndoa. Gaudiosus hakumwita kwa jina. Alimwita munywani, yaani rafiki wa damu, neno ambalo huku kwetu humpi kila rafiki.

Wasikilizaji wapendwa, hapa naomba msogee karibu.

Asubuhi moja walikuwa wanakagua injini pamoja. Gaudiosus akaona ufa kwenye kijipanga kimoja. Akampisha mwenzake achungulie. Adelard akachungulia, akaguna. "Ni ufa kweli, munywani. Hii hairuki." Wote wawili waliuona. Narudia, wote wawili.

Meneja alikuwa na abiria wanaosubiri kwenda Bukoba. Akawaita ofisini. Gaudiosus akasema ndege isiruke. Meneja akamgeukia Adelard. "Na wewe umeuona?"

Adelard akatazama viatu vyake. "Ni masizi tu, bosi. Mimi ufa sijauona."

Mama Restuta anasema mumewe alimsimulia hivi: "Nilidhani masikio yamenidanganya. Nikamwambia, munywani, rudia. Akarudia."

Gaudiosus akatolewa karakanani palepale. Ndege ikaruka. Ikiwa juu ya ziwa, injini ile ikapasuka kwa kishindo. Rubani akairudisha Mwanza kwa injini iliyobaki, watu wanalia, wanasali. Mungu ni mwema, hakufa mtu.

Mngetarajia Gaudiosus aombwe radhi. Haikuwa hivyo. Kampuni ilisema yeye ndiye aliyeifungua injini, akaifunga vibaya kwa hasira. Adelard alipohojiwa, alikubali: ndiyo, mwenzangu alikuwa na hasira. Gaudiosus akanyang'anywa leseni. Nafasi yake akapewa nani? Adelard.

Akarudi Ndama na mkewe. Habari zilikuwa zimeshamtangulia. Alipojaribu kutengeneza mashine za kahawa, watu walicheka: "Usimpe huyo, ataiangusha." Mwalimu Costansia wa Bugene alikuwamo kwenye ndege ile. Akikutana na Gaudiosus mlangoni pa kanisa, aligeuza uso. Miaka ikapita hivyo. Gaudiosus hakugombana na mtu. Alilima. Ila ndege ikipita juu, alisimama na jembe lake mpaka mlio ukaisha, na siku hiyo hakuna aliyemsemesha nyumbani.

Mwaka jana akaugua figo. Alasiri moja, akiwa kitandani, Adelard akaingia. Mama Restuta alikuwapo.

"Munywani," Adelard akasema, na machozi yakamtoka. "Niliuona. Niliogopa kupoteza kazi."

Gaudiosus akageuza kichwa, akamtazama. Kisha akasema, "Mimi najua kuwa uliuona. Usiniambie mimi. Waambie wao."

Adelard akaapa. Jumapili, baada ya misa, atasimama kanisani na kusema kweli mbele ya watu wote. Akamshika mgonjwa miguu, akaondoka.

Jumapili ikafika. Gaudiosus alitaka kuvaa suti yake ya harusi. Ilimpwaya, mkewe akaibana kwa pini. Akabebwa kwa gari la jirani, akakalishwa benchi la mbele. Misa ikaisha. Matangazo yakasomwa. Akawa anageuka kuutazama mlango. Watu wakatoka, wakabaki wao na katekista anayezima mishumaa. Simu ya Adelard ilikuwa imezimwa.

"Tukarudi nyumbani," anasema Mama Restuta. "Tulipofika akaniambia, nivue hii suti. Mara ya kwanza munywani aliogopa, nilimwelewa. Leo alikuwa anaogopa nini?"

Hakuvaa tena suti ile mpaka tulipomzika nayo.

Kwenye mazishi Adelard alikuja, na shada kubwa la maua. Mshereheshaji akamkaribisha azungumze kama rafiki wa marehemu. Akasema marehemu alikuwa mcheshi, mchapakazi. Akaketi. Ndipo Mama Restuta akainuka na kuchukua kipaza sauti.

"Shemeji, umesahau jambo. Nakusubiri."

Adelard hakuinuka. Basi mjane akayasema yote mwenyewe, mbele ya jeneza, bila kulia. Alipomaliza, Adelard alikuwa ameshafika barabarani.

Mwalimu Costansia alikuwa amesimama nyuma. Alipita katikati ya watu, akapiga magoti mbele ya Mama Restuta. "Nilimnyima salamu mtu aliyetaka nisipande ndege ile," akasema.

Nilimpigia Adelard ili naye apate nafasi ya kusema hapa. Akanijibu, "Dada, mwacheni marehemu apumzike," akakata simu. Nilimuuliza Mama Restuta kama nilitaje jina la Adelard hewani. Akasema, "Litaje. La mume wangu lilitajwa."

Pole sana, Mama Restuta. Pole, Bibi Adelgunda, mama usiyepaswa kumzika mwanao. Poleni watu wa Ndama. Mungu amlaze Gaudiosus Mutalemwa mahali ambapo hatasingiziwa.

Na wewe unayenisikiliza, jiulize kimyakimya. Yupo mtu anayebeba jina baya kwa sababu wewe hukusema ulichokiona? Kama yupo, na bado anapumua, zima redio hii. Nenda.