Mshono Ulioteremka

Zima hiyo televisheni, Élodie, na wewe Clovis acha kutazama saa. Tishari la Alhamisi litakungoja, mimi sitangoja. Rémy, kaa hapo ninapouona uso wako. Padre amenipaka mafuta asubuhi na dhambi zangu nimemwambia zote isipokuwa moja, ambayo ni haki yenu kuisikia kabla yake, lakini kwanza nina swali, na msidhani homa ndiyo inayouliza.

Jana mlinisukuma kwa kiti cha magurudumu hadi kwenye uwanja wetu wa kuundia vyuma, nipigwe picha na kijana wa kampuni ya umeme wa upepo chini ya kile kiunzi cha miguu minne mnachokipeleka kaskazini kwa tishari. "Mzee Pitre, shika chuma, tabasamu!" Sikutabasamu, mkadhani ni maumivu. Wanangu, dole gumba langu lilikuwa limepita juu ya mshono wa kiungo cha chini kabisa, kile kitakachokaa majini, na mshono ule ulikuwa umeteremka. Kwenye uwanja huu fundi anachomelea akipanda, kutoka chini kwenda juu, polepole, chuma kishike hadi ndani, na ukipapasa unahisi magamba yanaelekea juu. Anayeteremka ni mwenye haraka, maana kazi ya siku nzima ataimaliza kabla ya chakula cha mchana, inang'aa vizuri, na ndani haikushika kitu. Kando ya mshono ule wa aibu nikapapasa namba iliyogongwa kwa nyundo. Saba.

Saba ni mimi! Kila fundi hapa hugonga namba yake kando ya kazi yake, na mimi sijashika mashine ya kuchomelea tangu kimbunga kilipobeba paa la kanisa. Muhuri wangu umo kwenye kabati la ofisi, ufunguo mnao ninyi watatu, na mnajua fika kwamba mkaguzi akiona saba hupita bila kupiga eksirei, kwa heshima yangu. Nani aliichukua heshima yangu akaifanya kitambaa cha kufunikia uchafu?

Msijibu. Nitawaambia ninavyowashuku, maana sijui kusema pembeni. Wewe Clovis, msimamizi, kila nikikuuliza jambo unaniambia, "Baba, siku hizi mambo ni fasta." Wewe Élodie uliweka saini tarehe ya kukabidhi bila kushuka kuwauliza mafundi kama inawezekana, kisha ukaja hapa kunilisha supu ya gumbo kwa kijiko, na tangu lini umenilisha? Wewe Rémy ndiye mwenye mkono mwepesi wa kuchomelea kuliko wote, na tangu jana hujanitazama machoni. Usiku kucha nimewageuzageuza ninyi watatu kichwani, kila mmoja nimemhukumu mara mbili.

Babu yangu aliunda mashua za kuvulia kamba kwa shoka, bila mchoro. Watu wa kuchimba mafuta walipokuja na kuzama katika tope letu, baba yangu ndiye aliyeifunga mashua miguu mitatu ya chuma ikasimama juu ya mawimbi, wao wakiwa bado wanabishana na vitabu vyao. Mimi nikajenga miguu ya majukwaa ya mafuta, na darasa sikulijua. Mafuta yakapungua, uwanja ukaota nyasi, ndipo akaja yule mtu wa kaskazini. Nikamwambia, "Unauza upepo? Hapa tumeupokea bure tangu enzi za babu, na nyumba ukatung'olea." Akacheka, akasema, "Mzee, sisi tuna feni, ila kusimama baharini hatujui. Mnaojua ni ninyi." Sikumwamini, na leo simwamini, kwa kuwa alinisifu kabla hajaona hata kazi moja. Lakini hilo alisema kweli. Bahari haiulizi juu ya miguu umebeba mafuta au feni. Na juu ya feni ile atapanda mtoto wa mtu kukaza nati, akiamini kwamba chini yake pana kazi yangu.

Nipeni maji. Inatosha.

Sasa ile dhambi. Mjomba wenu Evariste, kaka wa marehemu mama yenu, mnajua nilimfukuza kazi. Mguu wa jukwaa ulipasuka ukiwa umening'inia kwenye kreni, Mungu akasaidia hapakuwa na mtu chini, na mimi nikamgeukia yeye mezani, mbele ya mafundi wote, nikamwita mvivu na mwongo. Aliinuka, akaacha sahani yake imejaa, akaenda zake. Baada ya wiki mbili niligeuza kipande kilichopasuka nikasoma namba. Ilikuwa saba. Nikakitupa mtoni, na mama yenu akafa akiamini ndugu yake alitaka kuua watu. Mimi, ninayejisifu kwa ukweli! Miaka arobaini nimewashuku watu wote nisije nikajitazama mwenyewe.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Kiunzi kisitoke. Mshono ule ukatwe wote, leo, jua likiwapo, na uchomelewe upya kwa kupanda. Tishari lingoje, kampuni ikasirike, na Élodie uwaambie sababu yenyewe bila kuipamba. Kamleteni mjomba wenu kutoka Golden Meadow, mwambieni niliyosema, yote, kisha aukague mshono mpya na agonge namba yake mwenyewe akiridhika. Asipotaka kuja, msimlazimishe, itisheni eksirei. Namba saba isigongwe tena. Nyumba ni ya Élodie. Uwanja ni wenu watatu, na asiyetaka kusubiri chuma kipoe asikanyage humo.

Mbona kiti kimelia? Nani ametoka? Dirisha lina ukungu, au ni macho yangu haya.

Hiyo ni grenda. Sikilizeni... inakata chuma. Uwanjani kwetu.

Msiseme kitu! Mliobaki, msifungue midomo, nisije nikatambua sauti nikajua ni nani hayupo. Sitaki kujua. Nilimtaja mtu mara moja mezani, basi.

Nendeni mkamshikie taa... mkamshikie chuma. Mshono ule ni mrefu kwa mtu mmoja. Mimi nitakaa na kelele hii, naipenda. Mungu awape mikono isiyo na haraka. Awape... nendeni, nimewabariki. Wote watatu. Acheni mlango wazi.