Bwana Alinifunga Kinywa Siku ya Kupimwa

Sifa zote zimrudie Bwana, ndugu zangu. Mnanijua. Mimi ni mtoto wa mvuvi wa Isangi, niliyekwenda Kampala na mashati mawili, na leo nina diploma ya juu ambayo katika ukoo wetu hakuna mwingine aliye nayo. Nasema wazi. Mungu hakunipa ili niifiche sandukuni.

Nilisomea kuwahudumia wanafunzi wa chuo kikuu: malazi yao, ugomvi wao, huzuni zao, ili asipotee hata mmoja kabla ya kumaliza. Masomo yalipokaribia mwisho nikarudi hapa Kisangani kufanya mazoezi ya kazi katika bweni moja. Tonton wangu, yaani mjomba anayekaa Makiso, alicheka mpaka akaweka chini sahani ya pondu.

"Alors, ulivuka mpaka kusomea kulinda vitanda?"

Majirani wakaniita Docteur wa Vitanda. Mimi nikawa nangoja siku ya kupimwa, maana mama msimamizi wa mazoezi yetu angekaa ofisini anisikilize nikimshauri mwanafunzi. Nikishindwa, hakuna diploma. Nilijiandaa. Nilikuwa na maneno mazuri ya Kifaransa na ya Kiswahili, niliyoyasema mbele ya kioo hata kioo kikachoka.

Asubuhi ya siku hiyo nikaamka sina sauti. Ndugu zangu, hata mnong'ono! Nikanywa tangawizi ya moto, nikapiga magoti. Kimya. Nikaenda hivyo hivyo.

Msimamizi alikuwa ameketi pembeni. Akaingia msichana wa mwaka wa kwanza, Furaha, mtoto wa Yanonge, kurudisha ufunguo wa chumba. Nje, godoro lake lilikuwa limeshafungwa juu ya toleka, baiskeli ya abiria, na mwenyewe anapiga kengele. Alikuwa anaacha chuo. Nikafungua kinywa, hakikutoka kitu. Nikamsogezea kiti.

"Papa, uko mgonjwa?"

Nikaonyesha koo.

"Pole. Mimi pia niko mgonjwa, lakini wa moyo." Akaketi. Akamtazama mama wa pembeni, akasema, "Mama abaki tu." Kisha akaanza. Alianguka mtihani mmoja. Baba yake alikuwa ametangazia soko lote la Yanonge kwamba binti yake atakuwa daktari. Akalia. Mimi nikakaa, macho kwake, sina la kufanya ila kumsikia.

"Ya Furaha, dada yangu!" mwenye toleka akaita. "Mashua haitungoji!"

"Subiri kwanza, nazungumza na papa!"

Akaendelea mpaka akafika mwisho wa maneno yake. Akajiuliza mwenyewe, "Bon, nikifika, nitamwambia baba nini? Kwamba nimekimbia mtihani ambao wanaruhusu kurudia?" Kisha akauchukua tena ufunguo aliouweka mezani, akatoka. Dirishani nikamwona anafungua kamba za godoro.

Hapo nikaelewa, ndugu zangu. Ningekuwa na sauti, ningemmwagia yale maneno ya kioo, naye angesema "merci, papa" akapanda mashua. Bwana alijua. Aliukaribia mdomo huu, mdomo wa kujivunia namna hii, akaufunga kwa mkono wake, ili msichana ausikie moyo wake mwenyewe.

Msimamizi akasimama. "Nimepima wengi, wote wanasema. Nani alikufundisha kusikiliza hivi?"

Nilinyoosha kidole juu.

Jumapili, hapa hapa kanisani, katikati ya sifa, sauti ikarudi. Diploma nikaipata, na Furaha mtihani aliurudia akafaulu. Juzi tonton kanitania tena: "Docteur, vitanda viko salama?" Nikamwambia, "Viko, tonton. Kimoja kilishafika juu ya toleka, na Mungu akakirudisha ndani."

Wewe uliyefungiwa leo kitu ulichokitegemea sana, mtumaini Bwana. Usikimbie. Kalia kiti chako, utazame atakachofanya.