Mzee Octavian Kulwa na Watu wa Kilimia Waliobebeshwa Nazi

Baba Paroko, mama mfiwa, watoto wa marehemu, ndugu mliotoka Sikonge kwa baiskeli na mliotoka Dar kwa majivuno, majirani wa Chemchem, na nyie vichwa vyote vya Kanyenye ambavyo leo ni siku ya nne havijaguswa na mashine, poleni sana. Mimi naitwa Sabiri, Mzaramo wa Maneromango, familia imenipa niisome historia ya mpendwa wetu, na anayeuliza kwa nini Mzaramo asome habari za Mnyamwezi akawaulize babu zake, waliokuwa wanatoka hapa na pembe za ndovu kichwani kwenda pwani, wakifika kwetu wanapewa maji, mkeka na matusi, utani ukaanzia hapo, na mpaka leo akifa Mnyamwezi sisi ndio wenye ruhusa ya kusema ukweli.

Karatasi hii imeandikwa na binti yake mkubwa, Advera, mwalimu kule Nzega, mwandiko umenyooka kama reli, lakini chini kabisa ameongeza kwa wino mwekundu, nasoma kama ilivyo, "Baba mdogo Sabiri, mwili hautoki hapa nyumbani mpaka uwaachie watu wa Kilimia." Wageni msihangaike, mtaelewa tukifika huko, na wewe Advera acha kunitazama hivyo, nimeona.

Marehemu Octavian Kulwa alizaliwa tarehe 22 Machi 1951 huko Sikonge, mtoto wa mzee Silasi, mrina asali, na mama Getruda, alikuwa pacha, Doto wake alitangulia akiwa mchanga kabisa, naye Octavian akabaki na sauti ya watu wawili, maana akiita mbuzi Sikonge, mbuzi wa Urambo walikuwa wanaitikia. Alisoma shule ya msingi hukohuko kuanzia mwaka 1960 akamaliza darasa la saba mwaka 1966, mimi niliishia la tano, lakini la tano la kwetu pwani ni sawa na chuo kikuu cha huku bara, msibishe msibani.

Baada ya shule alilima tumbaku na baba yake kwa miaka mingi, akagundua kwamba jembe na yeye hawapatani, na tarehe 3 Februari 1986 akafungua kibanda cha kunyoa pale Kanyenye, kiti kimoja, kioo kimoja chenye ufa, mkasi na mashine ya mkono ile ya kubana kama koleo, na kwa hesabu zangu mpaka anaweka mkasi chini amenyoa vichwa milioni nne, mtasema Tabora haina watu hao, ni kweli, wengine walirudi.

Kuhusu ndoa, hapa narudi nyuma kidogo, alifunga ndoa takatifu na mama yetu Levina tarehe 26 Agosti 1978, siku ya Jumamosi, hapahapa Tabora mjini, wakajaliwa watoto wanne, Advera, Eliya, Deus na Elieth, na wajukuu kumi na mmoja ambao wote wamerithi masikio yake, watazameni pale mbele, upepo ukija tuwashike.

Sasa Kilimia. Kila mkulima hapa anazijua zile nyota ndogo zilizojikusanya, zikianza kuonekana jioni upande wa mashariki watu wanatafuta majembe, wengine tunazitazama tu, yeye aliziwekea watu. Ilianza kwa sababu ya kazi, maana mtoto akikaa kwenye kiti cha kinyozi anajinyonganyonga kama samaki, akaona amsimulie kitu, na akifika sikioni na wembe hadithi inasimama, mtoto hapumui, anasubiri, sikio linapona, akaniambia mwenyewe, "Mtani, kichwa kinachosubiri hakitikisiki." Basi watu wazima nao wakanogewa, na alikuwa na ujanja mmoja, nywele zikiisha na hadithi imeisha, hata kama mtu ananing'inia kwenye mwamba, ukitaka ashuke subiri nywele ziote. Kanyenye nzima ikawa inanyoa mara mbili kwa wiki, vichwa viking'aa mpaka ndege ikitaka kutua uwanjani rubani anavaa miwani ya jua, na mimi hapa mnaniona, nina upara tangu mwaka 1983, nilikuwa nalipa nauli ya upara huu kila Jumamosi ili nisikie ya Kilimia.

Na Kilimia ilikuwa nchi, jamani. Nyota saba, kila moja na dunia yake, zimeunganishwa na njia moja ndefu ya vumbi jeupe kama ile ya misafara ya zamani, watu wanatembea kutoka nyota hii kwenda ile, wanabeba mzigo wakiimba, wakichoka wanatua, wanakunywa maji, wanaendelea. Kulikuwa na nyota ya nyuki wakubwa kama kanga, mzinga mmoja unajaza lori la tani saba, kulikuwa na nyota ambako mahindi yanaota yameshachomwa, na nyota ya wazee ambako kazi ni moja tu, kukaa na kulalamika. Hawakuwa na mfalme wala askari, waliokosana walikuwa wanatukanana mpaka mmoja anacheka, kesi imeisha.

Ubaya ulikuja tarehe 13 Novemba 2004, Jumamosi, saa tano asubuhi, nikiwa mimi kwenye kiti, nikaropoka, "Sasa nchi gani hiyo haina hata mnazi mmoja?" Octavian akasimamisha mkasi, akanitazama kwenye kioo, akasema, "Nazi unazitaka, mtani? Nazi zinakuja." Na hapohapo, mbele ya watu sita waliokuwa kwenye benchi, Wazaramo wakaivamia Kilimia. Walisuka kamba kwa makumbi ya nazi zote kutoka Kisarawe mpaka Mafia, wakaitupa juu kwa kishindo cha ngoma mia tatu, wakapanda, wakiongozwa na mfalme mmoja mwenye upara, mwenye tumbo la kubebwa na watu wanane, akiitwa Sabiri wa Kwanza. Ndiyo, mimi. Wakawabebesha watu wa Kilimia nazi kichwani, na mfalme akatoa amri moja tu, hakuna kutua. Wanalima na nazi kichwani, wanalala wamekaa na nazi kichwani, bibi harusi anapokea pete na nazi kichwani, mtoto anazaliwa na nazi yake ndogo, kitale, na Octavian akasema ndiyo maana nyota zile ukizitazama zimejikunyata vile, ni shingo zinauma.

Mimi nikacheka, nikadhani Jumamosi ijayo watakombolewa, kumbe alishaweka sheria, kwamba yeye anaweza kuwaotesha mahindi, anaweza kuwaoza na kuwazika, lakini kuwakomboa hawezi, mpaka mfalme mwenyewe atamke kwa mdomo wake mbele ya watu neno moja, "Tueni." Nikamwambia basi niombe. Akasema, "Mnyamwezi amuombe Mzaramo? Labda siku utakapobeba mzigo mzito kuliko sahani ya wali." Hivyo ndivyo tulivyokaa miaka ishirini, yeye haombi, mimi siachii.

Mnadhani nilikaa kwa raha? Mvua zikichelewa kidogo tu mjini hapa, naambiwa Kilimia imeelemewa na nazi haiwezi kuchomoza, nikienda sokoni mama wa nyanya ananiambia, "Shikamoo mfalme, nyanya zipo ila haziuzwi kwa wakoloni," mwanangu wa mwisho alirudi kutoka shule analia, ameulizwa na mwalimu ni nani aliyetawala nyota, darasa zima limemwonyesha kidole yeye. Na huku Octavian kila wiki anaongeza, mara vijana wa Kilimia wamejifunza kuimba bila kutikisa shingo, mara akina mama wamemwaga asali ndani ya ngoma za Wazaramo zikalia kama chura mwenye mafua, mara kibibi mmoja wa nyota ya wazee amemtukana mfalme siku tatu mfululizo bila kurudia tusi, na matusi yote yale, jamani, nilikuwa nayajua, ni yangu, alikuwa ananiibia Jumatatu ananiuzia Jumamosi.

Mwaka 2022 mwezi wa tatu sauti ilianza kukwaruza, tukamtania kwamba amemeza wembe, lakini haikuwa wembe, hospitali ya hapa wakamwandikia kwenda Mwanza, na tarehe 14 Juni 2022 akafanyiwa upasuaji wa koo, wakaondoa ugonjwa, na sauti ikaondoka na ugonjwa. Sauti ile ya watu wawili. Alirudi Kanyenye mwezi wa tisa, akafungua kibanda, akanyoa kimya, na siku hiyo kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1986 alikata sikio la mteja, hili hapa la kushoto, alama mnaiona, maana mimi niliyekuwa nasubiri hadithi sikuwa nayo ya kusubiri, nikageuka.

Alikaa chini kwenye benchi akashika kichwa, na mimi damu inanitoka, nikaona hapana, huyu hafungi kazi mbele yangu, nikarudi kwenye kiti nikaanza kusimulia Kilimia mwenyewe. Nilisimulia vibaya, nawaambia kweli, Wazaramo wangu wote walikuwa warembo na warefu, yeye akasimama na chanuo, nikidanganya anagonga kiti mara moja, nikienda sawa anagonga mara mbili, na jamani kile kiti kiligongwa mara moja mpaka mkono wa kiti ukalegea. Lakini watu wakarudi, benchi likajaa, na hadithi ikaenda miaka miwili kwa mdomo wangu na chanuo lake, na kila Jumamosi benchi linapiga kelele, "Mfalme, sema tueni!" na mimi nasema hajaniomba, na yeye ananipiga kofi la upara.

Mwezi wa kumi mwaka huu ugonjwa ulirudi, akalazwa hapahapa mjini, na Jumamosi tarehe 9 Novemba 2024 nilikwenda kumwona saa kumi jioni, mama Levina akiwa upande wa kichwani, yeye ambaye alikuwa anatuambia siku zote, "Hizo hadithi zenu za vinyozi, mimi nywele nasuka, hainihusu." Octavian akaomba daftari. Akaandika, taratibu, akanigeuzia, nikasoma, "Waachie." Nikamjibu kama kawaida, niombe. Akachukua tena daftari, akaandika, akanigeuzia.

Alikuwa ameandika, "Nakuomba, mtani."

Miaka ishirini nilikuwa nalisubiri neno hilo, nilikuwa nimeshapanga nitakavyoruka, nitakavyotembea nalo Kanyenye nzima nyumba kwa nyumba, na lilipokuja sikulitaka. Nilijua mtu kama yule haombi kama bado ana Jumamosi nyingine. Nikamwambia, "Sijasikia vizuri, rudia kwa sauti." Akacheka, mabega tu ndiyo yalitikisika, akacheka mpaka machozi, na mimi nikatoka nje nikasimama kwenye korido, mama Levina akanifuata akaniambia, "Shemeji, mtu amekuomba." Nikamwambia nitamjibu Jumatatu. Jumatatu tarehe 11 Novemba 2024, saa nne asubuhi, nilikuwa getini na kanzu mpya, nimekuja kujibu, nikakutana na Eliya anatoka, sikuhitaji kuuliza. Kwa hiyo Advera, uliyoyasikia ni kweli, baba yako aliniomba na mimi nikamnyima, sio kwa utani, niliogopa, nilidhani nikiwashikilia wale na yeye atabaki.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hapa na wa Mwanza, mmefanya kazi kubwa, inawashukuru wanajumuiya, paroko na wanakwaya, majirani wa Chemchem mliopika tangu Jumatatu, huo wali ulikuwa umekosa nazi lakini tumeula, inawashukuru vinyozi wenzake wa Kanyenye mliofunga siku nne, na wateja wote, mliokaa kwenye benchi lile miaka thelathini na nane. Si rahisi kumtaja kila mmoja, na mliochanga kidogo mnajijua.

Sasa naomba kimya, hata watoto. Naomba wale waliokuwa kwenye benchi mwaka ule wasimame wawe mashahidi, mmebaki wanne, haya. Leo Alhamisi tarehe 14 Novemba 2024, saa nane na dakika arobaini mchana, Chemchem, Tabora, baada ya miaka ishirini na siku moja, mimi Sabiri, mtoto wa Kizaramo, mfalme wa uongo wa nyota saba, nimeombwa kwa adabu na mtu mwenye heshima kuliko mimi, na nimesikia vizuri, nilisikia tangu siku ile. Kamba tumeikata, ngoma tumeziacha chini. Watu wa Kilimia, wa nyota ya nyuki, wa nyota ya mahindi, na wewe kibibi mwenye matusi, tueni. Tueni mizigo, nyoosheni shingo, njia ni yenu.

Na wewe Octavian, mtani wangu, tua. Umefika. Pumzika, kaka.