Dareja, Aliyetengewa Sahani Akiwa Hai

Wasikilizaji wapendwa, leo muziki utasubiri. Ameondoka Dareja Khorguani wa kijiji cha Lekhvari, huku kwetu milimani Svaneti. Amefariki kitandani kwake, juu ya mto wa manyoya, amezungukwa na watu wake. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu wapo waliomwandikia kifo kingine, zamani, na hawajawahi kumwomba radhi.

Mmekuwa mkiniuliza kila theluji ikianguka: hivi mtu akifukiwa na poromoko la theluji anaweza kupona? Dareja alifukiwa. Dareja alipona. Sasa nisikilizeni ilikuwaje, maana juzi kaburini mmedanganywa.

Ilikuwa Januari, enzi za Wasovieti, katika juma la Lipanali, mizimu ya ukoo inaporudi majumbani kula. Dareja alikuwa bibi harusi wa mwaka mmoja. Alishuka zizini kumkamua Nisha, ng'ombe wao. Mumewe, Bekmurza, alikuwa darini anamtupia majani makavu na kumtania kwamba anakamua kama anayebisha hodi kwa wakwe. Dareja hakuwahi kumjibu. Mlima ulishuka.

Dari lilianguka, lakini boriti moja ilikwama juu ya hori. Chini ya boriti ile pakabaki uwazi wa ng'ombe mmoja na mwanamke mmoja. Hewa kidogo, giza tupu, joto la mnyama. Dareja akashika jiwe, akaanza kugonga ukuta.

Upande wa pili wa ukuta huo ni nyumba ya wifi yake, Makvala. Makvala alisikia. Nyumba nzima ilisikia. Na kila mmoja wetu hapa anajua tumefundishwa nini kuhusu milio ya ukutani juma la Lipanali: unashusha sauti, unaongeza sahani, unamimina pombe ya shayiri, humsumbui mgeni. Basi wakashusha sauti. Wakaongeza sahani. Mtu hai anagonga, wao wanamwekea maharage na jibini. Mtu hai, wasikilizaji wapendwa.

Siwacheki. Hata mimi ningeiweka sahani. Ila hao angalau walisikia. Nje, waliopewa mshahara ili wasikie hawakutaka kusikia.

Mkubwa kutoka wilayani alifika kesho yake na kofia yake ya manyoya. Wanaume walikuwa bado wanachoma theluji kwa fito ndefu, wakiwatafuta Dareja na Bekmurza. Akawauliza wamechimba tangu lini. Walipomwambia, akasema mtu chini ya theluji ni wa nusu saa. Ikipita, ni maiti, na maiti hana haraka, atatoka theluji ikiyeyuka. Akawapeleka barabarani, wazibue njia ya magari yake. Wakaenda. Enzi zile, ukiambiwa nenda, ulikwenda.

Jioni Makvala akainama kuweka mkate chini ya ukuta, penye ufa. Ndipo akasikia sauti, mbali lakini wazi: "Toa kwato lako hapo, we Nisha. Kichwa kigumu kama cha Makvala."

Makvala alisimama na mkate mkononi. Mama mkwe wake alikuwa anaanza sala. Makvala akamkatiza. "Mama, acha kuomba. Mzimu haumtukani mwenye chakula. Huyo ni wifi yangu."

Walitoboa ukuta kwa mtaimbo. Alipotoka, Dareja alikuwa na miguu ya buluu na sauti imekauka. Hakuomba maji. Aliuliza, "Bekmurza mmemtoa?"

Hawakuwa wamemtoa. Asubuhi helikopta ikambeba Dareja kwenda hospitali, anapiga mateke, anawaambia wamwache achimbe. Na baada ya kuondoka kwake, wasikilizaji, mlio ukasikika tena. Mwembamba zaidi, kupitia boriti za dari. Narudia ili lisipotee: Dareja alikwisha kutoka, na bado kuna aliyekuwa anagonga.

Makvala alikimbia hadi barabarani, kichwa wazi, akamwambia mkubwa. Yule mtu akacheka mbele ya wanaume wote. "Mama, nasikia jana mlisema mizimu, leo unasema watu. Chagua moja."

Hakumpa hata mtu mmoja. Makvala akachimba na mama mkwe wake, kwa sepetu moja na sinia la mikate, mpaka mlio ukakoma.

Bekmurza alipatikana theluji ilipoyeyuka. Mbele ya uso wake palikuwa na shimo kubwa, kuta zake barafu laini kama bakuli. Pumzi yake ndiyo iliyolichonga. Mkononi alishika kipande cha ubao, ncha imechakaa. Dareja aliingiza mkono wake ndani ya shimo lile, akauacha humo hadi walipomvuta.

Hiyo ndiyo nusu saa ya wilaya.

Tangu hapo hakunyamaza. Alisimama kwenye milango ya ofisi za serikali ile, kisha za serikali iliyofuata, akidai jambo moja: asitangazwe mfu mtu ambaye hamjamsikiliza. Walimwita mjane aliyerukwa na akili. Tarieli, mwana wa Makvala, ananiambia Dareja aliwajibu, "Akili zangu zipo. Aliyeachwa chini ni mume wangu."

Na juzi, kaburini, mjumbe wa ofisi hiyohiyo alileta shada la maua, akasoma kwamba marehemu "aliokolewa kwa juhudi za wilaya." Makvala, mzee sasa, anatembelea mkongojo, akamwangalia toka juu hadi chini. "Mwanangu," akamwambia, "aliokolewa na tusi. Tena nilitukanwa mimi."

Watu walicheka huku wanalia. Mimi sikucheka. Ofisi ile hadi leo haina mbwa mmoja wa kunusa watu chini ya theluji. Pesa za maua zilipatikana.

Mama Makvala, Tarieli, ukoo wote wa Khorguani: poleni. Tumelia nanyi. Dareja na Bekmurza wamelala pamoja sasa, na udongo uwe mwepesi kwao.

Wasikilizaji wapendwa, Lipanali inakuja, na meza ya Makvala itakuwa na sahani ya Dareja. Fikirini alichokuwa akifanya yeye kila mwaka kabla ya kutenga chakula. Alizima redio, hata hii yetu. Aligonga ukuta kwa jiwe lile la zizini, akanyamazisha nyumba nzima, akaweka sikio. Kukiwa kimya, aliiambia mizimu, karibuni mle.

Na kukisikika kitu, sepetu ilikuwa mlangoni.