Kano ya Winga Ivutwe Kiasi Gani?

Benchi la nje ya karakana ya baiskeli lilikuwa na wenyewe, na jioni ile mgonjwa wao alikuwa Winga, fundi rangi ambaye goti lilimchomoka kila alipopanda ngazi. Kesho asubuhi angefanyiwa upasuaji. Daktari angetoa kano pajani mwake, aipitishe gotini mahali pa ile iliyokatika, aivute, kisha aikaze kwa skrubu. Winga hakuogopa kisu. Aliogopa huko kuvuta. Ikilegea, ngazi itamwangusha tena. Ikikazwa mno, goti litagoma kukunjika. Moyoni alishaanza kutafuta udhuru wa kutokwenda.

— Kuvuta niulize mimi, alisema Spoku, fundi baiskeli. Cheni unaiachia icheze kidogo.

— Goti si cheni, bwana, alidakia Bobini, mshonaji. Kano mbichi hurefuka. Kwanza itundikwe pasi yangu ya mkaa usiku kucha.

— Na mimi usiku huo nitakuwa wapi? aliuliza Winga.

— Umelala. Mvumilivu hula mbivu.

— Pasi ya nini? Aivute huku akiigonga kwa kidole, alisema Spoku. Ikilia kama uzi wa gitaa, basi.

— Ikilia vibaya?

— Utachechemea, lakini kwa mdundo.

Spoku hakuishia hapo. Alikata ukanda wa tyubu, akamnyoosha Winga mguu, akamfunga mbele ya goti toka pajani hadi chini, akivuta kwa meno.

— Simama.

Winga akasimama. Goti halikutikisika hata kidogo. Alijisikia raha.

— Umeona? Sasa kaa, unywe kahawa.

Winga akajaribu kukaa. Mguu ukakataa. Akabaki wima kama nguzo, kikombe mkononi.

— Samaki mkunje angali mbichi, alisema Bobini.

— Huyu ana miaka arobaini, ubichi uko wapi?

Mkewe Winga akatokea, mtoto mgongoni, amekuja kumchukua. Akautazama ule mguu.

— Shemeji zangu, daktari akivuta, mguu utakuwa umenyooka au umekunjwa?

Spoku akamtazama Bobini. Bobini akachungulia ndani ya kikombe chake, akakuta machicha tu.

Winga akacheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Mama watoto, nifungue. Hilo nitamuuliza daktari kesho, kabla hajanilaza.

— Kwa hiyo utakwenda?

— Nisipokwenda, hawa watanipasua hapa hapa.