Aroni Lwakatare na Nyumba ya Vioo ya Makerere, 1923–1961

Ndugu waombolezaji, marehemu Aroni Lwakatare alizaliwa Kibeta, Bukoba, tarehe 14 Mei 1923, mtoto wa pili wa Mzee Lwakatare na Mama Kokubanza. Alikuwa mkaidi tangu tumboni. Mkunga alimsubiri mpaka akachoka, akaenda zake kupalilia, ndipo Aroni akaja.

Alibatizwa katika Kanisa la Kilutheri, akasoma shule ya misheni, kisha Tabora. Mwaka 1943 alivuka ziwa kwenda Makerere, chuo ambacho leo ni chuo kikuu, kusomea kilimo. Mama alicheka na majirani: "Mwanangu anakwenda ng'ambo kusomea migomba? Si angebaki hapa anisaidie kupalilia?" Lakini siku ya safari alimsindikiza mpaka bandarini, na hakucheka tena.

Machi 1945 Mama Kokubanza alifariki. Simu ilimfikia Aroni mama amekwisha zikwa, na meli ya Bukoba ilikuwa imeondoka jana yake. Uchungu wa mtoto asiyemzika mama yake hausemeki. Bwenini hakulia. Rafiki yake Aristides wa Hamugembe, ambaye yuko nasi leo, alimtafuta kutwa nzima mpaka akamkuta katika nyumba ya vioo ya chuo, ile wanamooteshea mimea ya masomo. Alikuwa amekaa chini ya mgomba, juu ya majani makavu, shati limelowa kwa jasho na machozi.

"Aroni, toka humo, utaugua."

"Niache. Humu kunanukia kama kibanjani, migombani kwa mama."

Sote tunajua kwamba penye msiba jembe haligusi udongo mpaka matanga yaanuliwe. Basi Aroni aliyatoa majembe yote nje, akasimama mlangoni akiwaambia wenzake kuwa humo kuna msiba. Nao, Waganda, Wajaluo na Wakikuyu, walimheshimu kupita kiasi: wakadhani hata kumwagilia maji ni mwiko. Matanga yanaanuliwa, maharage yote ya mwalimu yamekauka. Mwalimu, Mwingereza asiyependa mchezo, alitaka kujua sababu. Alipoelezwa akasema, "Tutapanda mengine." Tangu hapo hadi alipomaliza masomo, Aroni aliingia humo kila moyo ulipomlemea.

Mwaka 1947 alirudi nyumbani, akaajiriwa na idara ya kilimo, akahudumu Bukoba na Muleba. Alitembea vijiji vyote akiwafundisha watu kupambana na fukusi wa migomba. Alifika hata Goziba, kisiwani kwa wavuvi wasio na mgomba hata mmoja, akitapika njia nzima. Alipoitwa Dar es Salaam kwa cheo kikubwa alikataa. Tulimwona mjinga, naye akatujibu, "Mzee akifa, mtanipigia simu tena?"

Tarehe 18 Desemba 1948 alifunga ndoa na Kemilembe wa Muleba. Mungu aliwajalia watoto watatu. Kifungua mimba wao, Anatolia, alipelekwa shule ya bweni Muleba, na baba yake hakukosa hata mara moja kwenda kumwona.

Mwaka jana marehemu alianza kuugua figo. Aprili mwaka huu alipelekwa hospitali Kampala, na huko madaktari walimwambia Kemilembe kuwa hawana dawa tena. Aroni alimwomba mkewe amshike mkono, wakajikokota mpaka Makerere, si mbali na hospitali, katika ile nyumba ya vioo, wakakaa chini.

"Lia humu," alimwambia. "Nyumbani watoto watakutazama wewe."

Kemilembe alilia mpaka akanyamaza mwenyewe. Ndipo Aroni akasema, "Sasa nirudishe kwetu. Sitaki Anatolia aje aambiwe kwa simu."

Alifika Kibeta akiwa hoi, na neno lake lilikuwa moja tu, kwamba Anatolia aletwe. Wazee wa ukoo walisita. "Mtoto yuko kwenye mtihani. Amalize kwanza."

"Mtihani hurudiwa," alisema marehemu. "Mimi nitarudiwa?"

Mdogo wake Mujuni aliondoka siku hiyohiyo. Tulikaa tukiisikiliza barabara, na pumzi ya Aroni ikizidi kupungua. Jumamosi tarehe 20 Mei, alasiri, Anatolia aliingia na vumbi lake la safari, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Tata, nimefika."

"Nakuona," alisema. "Kaa hapa."

Alifariki Jumapili asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake. Tumeumia sana, wala hatuwezi kujifanya mashujaa.

Marehemu ameacha baba, Mzee Lwakatare, ambaye alitazamia kuzikwa na mwana huyu na leo anamzika yeye; mjane wake, Kemilembe; watoto Anatolia, Rugaibula na Alistidia; mdogo wake Mujuni; pamoja na ndugu na marafiki wengi.

Bwana alitoa, na Bwana ametwaa. Apumzike kwa amani Aroni wetu, maana mwanawe alimkuta.