Kasia la Kulia

Basi la kutoka Kibondo liliwakalisha watatu: Rashid, karani wa mahakama, dirishani kulia, mwalimu Careen katikati, na Bibi Esteri kushoto. Careen alikuwa anakwenda Kigoma. Kesho yeye na wenzake wangeshindana ziwani katika mtumbwi mrefu wenye kichwa cha joka. Kuogelea hakujua.

"Na kupiga kasia mmejifunzia wapi?" Rashid aliuliza, kama anayehoji shahidi. "Kwetu hakuna ziwa."

"Darasani, kaka, juu ya mabenchi." Careen akashika mwavuli, akainama toka kiunoni. "Unazamisha, unavuta mpaka nyonga, unatoa. Wote kwa mlio wa ngoma."

Rashid alijibana dirishani kumpisha, na Bibi akauona wema huo. Imani na mafunzo hayo tu ndiyo Rashid hakuwa nayo. "Na mkufunzi wenu, amewahi kulowa?"

"Ana filimbi na kofia!"

"Mbona unapiga kulia tu?"

"Kushoto kulikuwa na ukuta."

"Kwenu wote?"

"Wote."

"Basi mtazunguka papo hapo kama ng'ombe aliyefungwa kamba."

Careen alicheka, kisha akautazama mwavuli. Basi liliposimama Kasulu, aliuhamishia mwavuli kushoto, taratibu. Bibi Esteri akavuta magoti yake kumpisha.